Neno la Kufunga Midomo

Mwacheni mgeni, msimcheke. Amevuka bahari kuja kujifunza Kivisaya chetu hapa kisiwani, na leo, wali umeshapakuliwa, amemgeukia mama aliyehangaika jikoni tangu asubuhi akamwambia, "Kami tule." Yaani tule sisi, wewe mpishi kaa kando. Hakujua, maskini. Basi keti, mgeni, nikueleze kwa nini lugha hii ina sisi mbili, na kwa nini mtu akizikosea watu wanainamisha nyuso.

Zamani ilikuwa moja tu. Mtu akisema sisi, amesema sisi, na anayesikiliza ajijue mwenyewe kama yumo au hayumo. Wazee waliona inatosha, na hakuna aliyelalamika.

Katika zama hizo aliishi mjane mmoja, jina lake Dayaw, mwanamke mchapakazi lakini mwenye ulimi wa pilipili. Mwanawe wa pekee, Lanog, alikwenda kuoa kisiwa cha pili, akamleta nyumbani binti aitwaye Silak. Dayaw hakumpiga mkamwana wake wala hakumnyima chakula. Thubutu, nani angemsingizia hivyo! Ila alikuwa na lile neno. Silak akitia tangawizi kwenye samaki, anaambiwa, "Sisi hatupiki hivyo." Akimbeba mtoto ubavuni, "Sisi tunabeba mgongoni." Akiimba nyimbo za kwao wakati wa kutwanga mpunga, "Sisi hatuimbi tukitwanga." Silak akaacha tangawizi, akamhamishia mtoto mgongoni. Alijifunza tu kwamba neno hilo likitoka kinywani mwa mama mkwe, yeye hayumo.

Kisha Lanog akafa kwa homa. Wakabaki Dayaw, Silak, na mtoto wa kike, Bukad, ambaye ndiyo kwanza anaota meno. Msiba ukamlainisha yule mama. Alianza kumwachia Silak minofu ya samaki, yeye akala kichwa. Siku moja alijikuta anatwanga huku akiuimba ule wimbo wa kisiwa cha pili, akanyamaza kwa haya. Moyoni alikwisha kumwita Silak mwanangu, lakini mdomoni hakumwambia. Sisi watu wazima tuna kiburi cha ajabu jamani!

Ndipo ikaja tufani. Anga liligeuka rangi ya papai bovu, na bahari ikarudi nyuma mpaka mashua zikalala ubavu kwenye matope. Kengele ya kijiji ikalia, kila mtu apande mlimani. Huko juu lilikuwepo pango walimolaza mifupa ya wazee wao, nalo lilikuwa na mwiko: mtu wa damu nyingine haingii mpaka mwenye ukoo amwalike kwa kinywa chake.

Dayaw alikuwa na dada kipofu nyumba ya mwisho kijijini, na alitaka kumwahi. Akachungulia mlangoni, Silak akiwa ananyonyesha, akamwambia, "Sisi tunakwenda pangoni, sasa hivi!"

Silak akainua uso. "Sisi, Mama?"

"Ndiyo, sisi! Sisi!" akasema Dayaw, akashuka ngazi mbio.

Alikuwa amemwalika. Wallahi, alikuwa amemwalika kwa moyo wake wote, na hakukuwa na neno jingine la kumwalikia.

Pangoni watu walibanana, upepo nje ukinguruma, na Dayaw akakaa karibu na mlango na dada yake, akitazama kila anayeingia. Wa mwisho alikuwa jirani yao mmoja, mwanamke, maji yakimchuruzika, kifuani amembana mtoto. Mtoto huyo alikuwa Bukad.

"Mama yake yuko wapi?" Dayaw akauliza.

"Amenipa huyu njiani, akarudi chini. Nimemwita, hakugeuka. Amesema, 'Mpelekee Mama. Huyu ni wenu.'"

Dayaw alipiga ukelele ambao hata kipofu aliufuata kwa mikono akitafuta ulikotoka. Akajitupa nje, wanaume wakamrudisha. Akauma mkono wa mmoja, wakamshika vilevile. Chini kule bahari ilikuwa imeshapita juu ya mapaa. Mtoto alilia njaa ya ziwa la mama hadi sauti ikakauka, na Dayaw akamlowanishia midomo kwa maji yaliyodondoka mwambani.

Tufani ilipokwisha walishuka. Silak walimkuta amenaswa chini ya nguzo ya nyumba, kitambaa cha kubebea mtoto bado kimefungwa mgongoni, barabara kama alivyofundishwa.

Watu walimwambia Dayaw asijilaumu, eti yule binti alisikia vibaya. "Hakusikia vibaya," akajibu. "Nilimfundisha mimi." Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na wa kwake ulikuwa umejikwaa kila siku, kwa tangawizi, kwa wimbo, kwa mgongo na ubavu.

Akaacha kabisa kutamka sisi. Alikaa hivyo hadi Bukad alipoanza kusema, akaona mtoto lazima apewe neno, ila si lile. Akampa mawili. Alimshika kidole akakiweka juu ya midomo yake mwenyewe, akasema, "Kami." Midomo ikakutana, ikafunga. "Hili ni la kumwacha mtu nje." Kisha akasema, "Kita," na midomo haikugusana kabisa. "Hili ni la kumwingiza. Mtazame mtu kwanza, Bukad, ndipo useme."

Na tangu siku hiyo, hapa kwetu, hakuna asemaye sisi kabla hajamtazama anayezungumza naye na kuamua. Wasomi wanaokuja wanatuambia hiyo ni sarufi, na visiwa vingi vya Ufilipino vinayo. Sawa, wao ndio waliosoma. Lakini kijiji hiki chote ni uzao wa Bukad, na Bukad alikuwa na mama.

Haya, mgeni, wali unapoa, na mama mpishi bado amesimama pale mlangoni pa jiko. Mgeukie. Sema tena, na safari hii usifunge mdomo.