Gego la Fisi na Tone la Chozi

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa gego.
La nani?
La Fisi.
Limefanyaje?
Limeoza!
Haya, sogeeni, lakini msivute pumzi.

Fisi alitafuna mifupa yake na ya wenzake, mpaka gego likatoboka hadi mzizini. Uchafu ukajaa humo, jino likampwita: pwi, pwi, pwi. Kila likipwita, Fisi huyo mbio hadi kwenye mgunga, anabamiza kichwa: du, du, du.

Juu ya mgunga kulikuwa na kiota cha Chozi, ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba, anayenyonya maua. Ndani mlikuwa na makinda wawili wasiojua kuruka. Fisi akibamiza, uzi mmoja wa kiota unakatika. Zilibaki nyuzi tatu. Mama mtu alikuwa hali, halali.

Fisi akatafuta mganga. Akaja Tembo, akasema jino ni kama karai tu, linataka maji mengi kwa nguvu. Akajaza mkonga, chwaaa! Maji yakaingia, maji yakatoka, uchafu ukabaki. Fisi nusura azame nchi kavu. Pwi, pwi, pwi. Akampima mganga wake kwa macho, akaona koo halitoshi kummeza, akamsamehe. Du, du, du. Nyuzi mbili.

Akaja Ngedere na maji kidogo na unyasi. Akakoroga: choko, choko, choko. Maji yakaingia, maji yakatoka, uchafu ukabaki, na unyasi ukakatikia humo humo. Ngedere aliondoka na nusu ya mkia. Kwao alisema ameupunguza mwenyewe kwa sababu ya joto. Du, du, du. Uzi mmoja.

Hapo Chozi akashuka. Aliogopa sana, nisiwafiche.

"Bwana Fisi," akasema, "nitakuosha mimi. Wewe tulia tu."

Fisi akawaza moyoni kwamba huyu akishamponya, atamtafuna kwa gego hilo hilo. Lakini mdomoni alikuwa na adabu. "Karibu, mama," akasema. "Jisikie uko kwako."

Chozi akachota tone moja. Akapenyeza mdomo hadi karibu na ncha ya mzizi, akaliacha tone pale chini. Hakulisukuma. Akatetemesha mbawa mpaka mdomo nao ukatetemeka: drrrrr. Maji yakacheza mzizini, ukatoka unyasi wa Ngedere. Tone jingine, drrrrr, kikatoka kipande cha ukwato wa mbuzi wa watu. Drrrrr, ukatoka usaha. Aliendelea hivyo mpaka maji yakatoka safi kama yalivyoingia. Jino likanyamaza.

"Bado kuziba," akasema Chozi. Akaleta ulimbo, ule utomvu wanaotegea ndege, akajaza tundu mpaka ukafurika juu ya meno. Akamwonya Fisi akae kinywa wazi mpaka jua lizame, asiume chochote. Kisha akatua kwenye ulimi wake, polepole, kama anayekagua kazi.

Fisi mate yakamtoka. Kap!

Chozi alikuwa ameshatokea pembeni mwa kinywa. Meno ya juu yakang'ang'aniana na ya chini. Fisi akavuta, wapi. Akataka kutukana, ikatoka "mmm" tu.

Chozi akasema kutoka tawini: "Bwana Fisi, kuna mafuta yanayolegeza ulimbo. Nayajua mimi peke yangu, na nitakutajia makinda wangu wakisharuka. Kiota kikianguka, nitasahau."

Siku kumi na mbili, mpaka makinda waliporuka, Fisi alilinda mgunga ule, akifyonza maji kwa pengo. Mbuzi akija kujikuna kwenye shina, Fisi anamfukuza. Upepo ukivuma, Fisi anashikilia mti kwa mikono miwili, "mmm, mmm," akiubembeleza utulie.

Ngano imetoka kinywani mwangu, imeingia masikioni mwenu. Iliyo chungu temeni, iliyo tamu mezeni.

Na funzo ni hili: jino likikuuma, nenda kwa Tembo. Ana maji mengi, na kwake hakuna aliyewahi kutoka kinywa kimeganda.