Ufunguo Ulikuwa Mfukoni

Wapendwa, kulikuwa na mzee mmoja mwenye ukumbi wa kukodisha. Mzee wa kanisa huyo, mcha Mungu. Kwenye ukumbi wake huingii na bia hata ukiificha soksini. Jumamosi moja mchana, vijana waliomaliza kidato cha nne wakaukodi wacheze muziki, waagane. Mzee akawapekua mikoba mlangoni, akawaombea baraka, akaketi nje kwenye kiti chake.

Saa tisa akaingia chooni kukagua maji. Akaona nini juu ya sinki? Kifuko cha nailoni, na ndani yake vidonge viwili vya rangi rangi kama pipi za watoto. Alishtuka. Ukumbi wake! Watoto aliowaombea! Hakusema na mtu. Alitoka, akavuta geti la chuma, akapiga kufuli, ufunguo akautia mfukoni, kisha akawapigia polisi simu.

"Leo nimewapata," akajisemea. "Hatoki mtu."

Alikosea kukasirika? Mimi ningekasirika. Wewe je?

Hazikupita dakika kumi, geti likagongwa kwa nguvu kutoka ndani. Ikasikika sauti ya binti.

"Baba, tufungulie! Kuna mwenzetu kaanguka. Mwili unachemka, meno kayauma, tukimwita haitiki!"

"Mlipokuwa mnameza mliniita baba?"

"Tumekosa, baba. Lakini hospitali si hapo ng'ambo ya barabara tu?"

"Huo ujanja wa kutoroka kamfanyie mwingine. Mvi hizi sikuzipata kwa jua."

Binti akaacha kugonga. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Basi mimi nibaki. Nifunge mimi, uwaambie polisi vidonge vyote ni vyangu. Yeye mtoe."

Jamani, siku ile pale getini, nani alikuwa anahubiri Injili? Mzee wa kanisa, au yule mtoto mwenye kidonge tumboni?

Mzee hakufungua. Wakagonga, wakagonga, mwisho wakaacha. Mzee akatikisa kichwa, ameridhika. "Eeh, sasa wanatubu," akasema.

Polisi walitoka mbali, wakafika baada ya karibu saa nzima. Geti lilipofunguliwa hakukimbia hata mmoja. Wote walikuwa wamepiga magoti wakimzunguka mvulana aliyelala sakafuni, wenzake wamevua mashati wanampepea. Bado walikuwa wanampepea, na alikwisha kufa.

Askari akamwangalia, akamgeukia mzee. "Mzee wangu, mimi nilikuwa na safari ya saa nzima. Wewe ulikuwa na ufunguo."

Naona mnangoja. Mnangoja niwaambie kwamba yule mvulana alikuwa mtoto wa mzee mwenyewe, maana mifano ndivyo inavyoishaga, sivyo? Hapana. Alikuwa mtoto wa watu. Mzee hakumjua hata jina.

Kuna mtu hapo ameshusha pumzi? Mimi nilishusha, nilipokuwa nautafakari mfano huu jana, na nikaona aibu nikiwa peke yangu chumbani. Kumbe sisi mpaka awe wa kwetu ndipo tufungue?

Vidonge vile ni sumu, nitasema hivyo mpaka siku mtakayonizika. Lakini watoto wetu wanatusikia tunavyofoka, tunavyoapa kwamba atakayegusa takataka hizo asikanyage nyumbani. Basi mwenzao akianguka, wanatuogopa sisi kuliko wanavyokiogopa kifo. Wanamlaza chumba cha pembeni, wanamfunika shuka, wanasema amelala, atazinduka. Hazinduki! Na waliowafundisha kumficha ni sisi, kwa midomo yetu hii tunayoimbia tenzi.

Leo ukifika nyumbani, kabla hujanawa mikono ule, mwite mwanao. Mwambie: "Usimeze. Sitaki. Lakini akianguka mtu, awe mwenzako au wewe mwenyewe, asiachwe peke yake. Mkimbizeni hospitali, daktari aambiwe kweli alichomeza, na mimi nipigieni simu. Nitakuja kwanza. Kufoka nitafoka kesho."

Polisi wako mbali, ndugu zangu. Daktari yuko ng'ambo ya barabara. Aliyesimama getini ni mimi na wewe. Hebu tia mkono mfukoni. Unaugusa?