Kioo Kinachorudisha Moto

Kuna watu wakikaa kitini, kinachochoka ni kiti. Cheche alikuwa mmoja wao. Chai aliinywa akitembea, salamu aliziitikia akiwa ameshapita, na mkewe aliapa kwamba hata usingizini mumewe hutafuta viatu. Asubuhi hiyo ndiyo alizidi. Alikizunguka chumba chao cha kazi, nyuma ya kiwanda cha chupa, kama kuku anayetafuta pa kutagia, huku shemeji yake, dada wa mkewe, akifuta kioo kwa kitambaa laini bila papara.

"Shemeji, utakitoboa hicho kioo!"

"Na wewe utaitoboa sakafu. Kaa chini."

Kwa kweli, siku yenyewe ilikuwa ya kumtoa mtu jasho. Wawili hao walikuwa wameunda mtambo wa kugeuza joto la tanuri kuwa umeme. Kigae cheusi kilichochomekwa kwenye ukuta wa tanuri iliyopakana na chumba hicho kiliwaka kama kaa la moto, na mbele yake ilikaa seli, ndugu wa zile za sola, ikila mwanga wa kaa hilo. Ila seli ni mlaji mchaguzi. Mwanga wenye nguvu huumeza. Ule hafifu humkwama kooni na kumpa homa. Ndiyo maana shemeji alitengeneza chujio, kioo chenye matabaka membamba kuliko utando wa buibui. Kilipitisha mwanga unaolika, na usiolika kikaurudisha kwenye kigae ukakipashe zaidi.

Mwenye kiwanda, ambaye wote walimwita Mama Tanuri, alikuwa anakuja kujionea. Taa za chumba zikiwaka vizuri kwa mtambo huo, wangepewa tanuri zote. Zisipowaka, chumba kingerudi kuwa stoo ya chupa, nao watafute pa kwenda.

Mama Tanuri aliingia, akakataa kiti. "Haya wanangu, nionyesheni."

Shemeji akawasha mtambo, taa zikawaka, kisha akateremsha chujio polepole kati ya kigae na seli. Taa zikafifia.

"Zimefifia!" Cheche akaruka.

"Lazima zififie kwanza. Kigae hakijapata moto wake uliorudishwa. Ukifunika sufuria, maji yanachemka papo hapo?"

Mama Tanuri alitupia saa yake jicho moja tu, lakini kwa Cheche jicho lile lilikuwa upupu mwili mzima.

"Mwanga tunao, halafu tunaurudisha tulikoutoa! Mama kaja kuona taa, hakuja kuona kiza!"

Kabla shemeji hajamshika mkono, alishavuta mpini. Chujio likatoka. Taa zikawaka pwaa!

"Ehee! Si mnaona? Iachieni seli imeze mwanga wote!" Cheche alicheza miguu miwili, wa tatu akakosa. Mama Tanuri akatabasamu.

Shemeji peke yake ndiye aliyekodolea macho mshale wa kipimajoto cha seli. "Rudisha, shemeji. Pampu yetu ya maji ni ndogo, haiwezi kupoza joto lote hilo."

"Kidogo tu, Mama afaidi."

Hicho kidogo kilitosha. Kigae, kisichorudishiwa chochote, kilianza kupoa. Seli nayo, iliyoshindiliwa hadi isichokiweza, ikapandwa na homa. Taa zikawa za manjano, zikawa kama macho ya mgonjwa. Harufu ya lehemu iliyoyeyuka ikajaa chumbani, taa zikazimika.

"Mnayo seli nyingine?" Mama Tanuri aliuliza.

Shemeji akatikisa kichwa.

"Basi wanangu, chupa zangu zinalala nje. Chumba nakihitaji."

Hakukasirika hata kidogo. Afadhali angegomba.

Alipotoka, shemeji aliteremsha tena chujio mahali pake.

"La nini sasa?" Cheche akanung'unika. "Seli imeshakufa."

"Kaa chini. Mara moja tu maishani mwako, kaa."

Akakaa. Akaweka jicho kwenye tundu la kuchungulia, magoti yakimcheza. Kigae kilikuwa chekundu. Kikawa cha machungwa. Akataka kuinuka, shemeji akamshika bega. Kikawa cha manjano, kikazidi kung'aa hadi akakunja uso, mng'ao ambao hakuwahi kuuona, maana katika majaribio yote hakuwahi kuungoja. Na mwanga wote ule ukawa unamwagikia seli mfu, kama mvua juu ya mwamba.

"Kumbe kingefika hapa?" alinong'ona.

"Kila mara kingefika, shemeji. Wewe ndiye hukufika."

Mlangoni, kreti za kwanza za chupa zilikuwa zinaingia, zikigongana. Cheche hakuinuka. Alibaki na jicho lake tunduni, na kiti kilichozoea kumwona akipita tu leo kilimbeba hasa, yeye na uzito wake wote. Ama kweli, mtaka yote kwa pupa hukosa yote.