Fungate ya Mwalimu Faki

"Ukiahidi fungate, beba na mwiko." Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Wete, tena si zamani za Nuhu, baadhi ya waliokuwepo bado wanakwenda sokoni kwa miguu yao.

Leo mmemsikia shangazi yenu akimtupia bwana harusi maneno hayo. Mkacheka, naye akacheka, na hakuna hata mmoja aliyejua anachokicheka. Kaeni basi. Na wewe, weka simu hiyo chini.

Palikuwa na mwalimu wa jiografia, Faki Mbarouk, mtu wa kanuni. Kengele ya shule ikigongwa saa moja na nusu, yeye yuko darasani tangu saa moja. Alimwoa Bi Kazija, wakaingia fungate yao kama ada ilivyo: siku saba ndani, bibi harusi hagusi jiko, na somo wake, yule mama aliyemfunda, ndiye anayepika na kuwaletea sinia mpaka mlangoni.

Siku ya pili, adhuhuri, ikaja barua kutoka shuleni. Msimamizi wa mtihani kule Mkoani, kusini mwa kisiwa, ameugua, nenda ukashike nafasi yake. Mtu mwingine angejibu kwamba na yeye ni mgonjwa. Faki akavaa viatu. Aliporudi ilikuwa siku ya tisa, na mapambo ya chumba yameshatolewa.

Bi Kazija hakugomba. Angegomba, yangekwisha siku ile ile. Lakini kila ngoma ya harusi ilipolia mtaani, alisema kwa upole kabisa: "Wenzangu walikaa saba. Mie nilikaa moja na nusu." Miaka thelathini na moja Mwalimu Faki alisikia maneno hayo. Alijua ana kosa, na alijua mkewe anajua kwamba anajua.

Alipostaafu na kupata kiinua mgongo chake, alimkuta mkewe anachambua mchele. Akaketi mbele yake.

"Mke wangu, nataka kukurudishia fungate yako. Siku saba kamili, kisiwani Malta, Bahari ya Mediterania."

Kisiwa hicho alikuwa akikichora ubaoni kila mwaka, nukta ya chaki chini ya Sisili, na hakuwahi kukitia machoni.

Bi Kazija hakuinua kichwa. "Huko si kwa Wazungu? Nitakula nini?"

"Halali tupu. Niachie mie."

"Haya. Ila nina sharti moja, Mwalimu. Siku hizo saba sishiki mwiko. Nikiushika hata mara moja, fungate imevunjika tena, na neno hilo usinitajie mpaka tunazikwa."

Mwalimu akakubali haraka, kama wanaume wanavyokubali jambo wasilolipima.

Akatafuta daftari jipya, akapanga safari kama anavyoandika andalio la somo. Akapiga mistari kwa rula: Siku, Mahali, Kibla, Chakula, Mahaba. Kwenye safu ya Kibla aliandika kwamba huku tunaelekea kaskazini, lakini kule ni mashariki na kusini kidogo. Kwenye Mahaba aliandika "kutembea", kisha "kukaa", kisha akafikiri siku mbili nzima akaongeza "kutazamana". Msicheke! Ndivyo alivyojua.

Kazi ilikuwa kwenye Chakula. Aliandikia hoteli kumi na moja akiuliza kama wana chakula cha halali. Moja ikamjibu kwa furaha kwamba wanaye kuku asiye na nguruwe ndani yake. Nyingine ikamhakikishia kwamba mvinyo wanaotia kwenye mchuzi ni kidogo mno. Mwalimu akawa anapiga mstari mwekundu juu ya kila jina. Mwisho akampata mama mmoja mjane, Karmena, mwenye nyumba ndogo ya wageni ufukweni. Yeye alijibu kwamba kwake hupika nguruwe na hawezi kumdanganya mtu, lakini yuko mpishi Mtunisia anayekuja kupikia wageni Waislamu. Mwalimu akapiga alama ya vema. Somo limekamilika.

Wiki tatu kabla ya safari akaenda kumuaga Bi Nyezuma, yule somo wa mkewe, mkongwe sasa, miguu haimbebi. Akamfungulia daftari, akamsomea safu kwa safu kwa sauti ya darasani. Bibi akasikiliza mpaka mwisho.

"Vizuri, mwanangu. Na somo wa huko nani?"

"Yuko mpishi, bibi."

"Mpishi nimesikia. Nakuuliza somo. Mpishi akiumwa kichwa, nani ataleta sinia?"

Mwalimu akatazama daftari. Akafungua ukurasa wa nyuma, akarudi wa mbele. Miaka yote hiyo akiuliza watu maswali, leo kaulizwa yeye.

Bi Nyezuma akanyoosha mkono ukutani, akautoa mwiko wake wa mfenesi, mweusi kwa miaka. "Mie siwezi kupanda ndege. Uchukue huu. Na kesho njoo jikoni, alfajiri, kabla mkeo hajauliza unakwenda wapi."

Loh! Mwalimu Faki hakuwa amewahi hata kuchemsha yai. Wali wa kwanza uliungua, wa pili ukawa uji, na wa tatu Bi Nyezuma aliwamwagia kuku, nao kuku wakafikiri kwanza. Lakini mtu wa kanuni ni mtu wa kanuni. Alipima tui kwa kikombe, akahesabu dakika kwa saa ya mkononi. Siku ya kuondoka alikuwa anajua vitu viwili: wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mwiko akauficha chini ya kanzu kwenye sanduku, pamoja na makopo ya tui na vifurushi vya bizari.

Wakafika Malta alasiri. Bahari ile ni buluu ya wino, nyumba za mawe rangi ya asali. Bi Kazija akasimama dirishani, buibui linapepea, akatabasamu kama msichana. Mwalimu akaona moyo wake unapaa.

Ndipo Karmena akabisha hodi, mikono ameifumbata. Mpishi amefiwa na baba yake, amerudi kwao Tunisi asubuhi ile. Mwingine hayupo. Jiko liko wazi, wakipenda wajipikie.

Mlango ukafungwa. Bi Kazija alimtazama mumewe, na machoni mwake hamkuwa na hasira; mlikuwa na mtazamo ule wa siku ya pili, barua ilipokuja. Akavua buibui polepole. Akaanza kukunja mikono ya gauni.

"Basi tena, Mwalimu," akasema. "Riziki yangu ni moja na nusu."

"Kaa chini!" Mwalimu akapaza sauti, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao. "Kaa kitandani, bibi harusi. Nani kakwambia ushuke?"

Akafungua sanduku, akatupa kanzu huku na kule, akautoa mwiko.

Bi Kazija akautambua pale pale. "Huo si wa somo wangu?"

"Ndiyo. Kanituma mie badala yake."

Akatoka mbio. Akanunua sufuria mpya na wavu mpya wa kuchomea, maana vya jikoni vilishapikiwa nguruwe. Akanunua mchele dukani na samaki wawili wanene kwa wavuvi. Akawasha mkaa uani, Karmena amesimama kando kashika kiuno, anashangaa mwanamume mwenye mvi akipaka tui juu ya samaki huku akitazama saa. Jasho linamtiririka, moshi unamliza, na yeye hakuacha. Jua lilipokuwa linashuka alibisha mlango wa chumba chake mwenyewe, sinia kichwani, kama Bi Nyezuma alivyofanya zamani.

Bi Kazija akanawa. Akakata tonge, akatafuna. Mwalimu alisimama kama mtahiniwa.

"Tui limekolea," akasema. Akatafuna tena. "Ukoko uko wapi?"

"Niliuacha jikoni."

"Nenda kaniletee ukoko wangu!" Na machozi yakamtoka huku anacheka, akamvuta mumewe kwa shati akamlisha tonge kwa mkono wake.

Siku saba walikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, kwa sababu hakuwa anajua kingine. Asubuhi Karmena aliwaonyesha ghuba isiyopitiwa na watu, Bi Kazija akaingia majini na dera lake mpaka kiunoni, akamrushia mumewe maji. Safu ya Mahaba ilijaa mpaka ikamwagika pembezoni, na yaliyoandikwa humo hayawahusu.

Waliporudi Wete, wanawake walijaa uani. "Haya, tuambie, ulipika nini huko?"

Bi Kazija akaketi kitako, akanyoosha miguu yenye hina, akawaacha wangoje. Kisha akainua vidole saba juu.

"Saba! Saba kamili, na mwiko sikuugusa!"

Vigelegele vikapasua mtaa. Bi Nyezuma, aliyebebwa kwa kiti mpaka pale, akapokea mwiko wake, akaunusa, akacheka mpaka akakohoa. Akawageukia vijana wa kiume waliokuwa wamejazana mlangoni, akawanyooshea ule mwiko usoni, mmoja baada ya mwingine, na kuwaambia neno ambalo leo bwana harusi wetu kaambiwa:

"Ukiahidi fungate, beba na mwiko."