Njuga za Nyati

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa mfereji, na aliyeulalia.

Aliyeulalia ni Nyati. Mfereji ulishuka kutoka mlimani hadi bondeni, na wanyama wote walikunywa humo. Siku moja Nyati akajilaza kwenye mlango wake, pwaa, maji yakaishia kifuani pake. Kule bondeni watoto wa Nguchiro wakabaki kulamba tope.

Nguchiro akapanda.
"Shikamoo, mjomba. Sogea kidogo, wanangu wana kiu."
"Marahaba. Sisogei. Nguvu hizi zinataka maji mengi." Nyati akatunisha bega. "Unaona? Nyama tupu."
"Nyama tupu ni uji, mjomba. Mimi mla nyama, nimeiona kwa ndani. Nyuzi zake zimefungwa kwa utando, tita kwa tita kama kuni, na kano zimeishikiza kwenye mfupa. Katikati ya utando hupita vijito vya damu, vinalisha kila uzi."
"Kalale, mwembamba wewe. Kijito gani cha kunilisha mimi?"

Nguchiro akashuka. Kesho yake akapanda tena, amebeba njuga na kamba za mkonge.
"Leo kuna ngoma bondeni. Hizi za Pofu, hizi za Swala, hizi za Ngiri."
"Na zangu?"
"Zako hazimo, mjomba. Nilijua huondoki hapa."
"Nifunge zote."
"Na wenzako?"
"Wenzangu watapiga makofi."

Nguchiro akamfunga juu ya goti. Msuli ukatuna, Nyati akautazama, akaupenda.
"Kaza."
Akakaza.
"Kaza tena."
Akakaza tena, mguu kwa mguu, yote minne. Kisha akaketi kando, akangoja.

Ngoma ikalia bondeni, ndi, ndi, ndi. Nyati akauambia mguu wa kwanza, inuka. Haukuinuka. Akauambia wa pili, inuka. Haukuinuka. Wa tatu na wa nne hata haikumsikia.
"Nguchiro, miguu yangu imekwenda wapi?"
"Ipo, mjomba. Nyama ipo, utando upo, kano zipo. Ila kuna mtu amelalia mlango wa mfereji."

Nyati akaitazama miguu yake, kisha akautazama mfereji. Alipoongea, sauti ilikuwa ndogo.
"Fungua, mwanangu. Nitasogea."

Nguchiro akakata kamba ya kwanza. Damu ikarudi, nyee, nyee, nyee, kama siafu wanapanda. Akakata ya pili, nyee, nyee. Akakata ya tatu.
"Ya nne ukishavuka ukingo."

Nyati akajikokota, mguu mmoja ukiburuta, akavuka. Nyuma yake maji yakaruka, chururu, yakashuka bondeni. Watoto wa Nguchiro wakanywa mpaka wakapiga chafya.

Kamba ya nne Nguchiro hakuikata. Aliilegeza tu.
"Baki nayo, mjomba. Mchezaji hodari havui njuga."

Nyati akafurahi. Mpaka leo anayo. Kila akiunyemelea mfereji, cha, cha, cha, bonde zima linasikia, na Nguchiro humwahi mlangoni.
"Mjomba, nikukazie?"
"Ah, napita tu."

Funzo lake ni hili: mdogo asibishane na mkubwa hata siku moja. Nguchiro mwenyewe huwafundisha wanawe hivyo, wakiwa wanaoga mferejini.

Ngano imefika ukingoni. Tamu yake gawaneni, chungu yake niachieni mimi.