Taa Elfu za Hudhaifa

Katika mji wa Zumaridi alitawala Sultani Dhulkifli, mkubwa wa heshima na mkubwa zaidi wa tumbo, na mwanawe Hudhaifa alikuwa na mke, Mwanakheri, na jini wa baharini alimtaka Mwanakheri huyo, akakataliwa naye mbele ya watu, basi akamfunika kwa wimbi na kutoweka naye.

Kwa miaka saba Hudhaifa aliwasha taa elfu ufuoni, ili mkewe, popote alipo, aione njia ya nyumbani. Mafuta aliletewa na Kashkuri, jini mtumwa wa pete yake, aliyelalamika kila pipa kwamba kiuno chake hakikuumbwa kwa uchukuzi. Na kila msimu noa, yule kasa mkubwa kuliko wote mwenye mgongo wa ngozi, alitoa kichwa majini, akautazama ufuo unaong'aa, machozi yakamtiririka, akarudi zake. Vitoto vya kasa wengine, vikianguliwa, vilizifuata taa badala ya bahari, na asubuhi vilikutwa vimekauka mchangani. Hudhaifa alisikitika, akaongeza taa, vipate kuona vizuri.

Mwaka wa saba aliishiwa nguvu, akaketi.

“Kashkuri, hivi mke wangu yuko wapi?”

Jini akatua pipa. “Yuko pale, bwana wangu. Ndiye yule noa. Amefungwa katika ngozi ile mpaka atage kwenye mchanga huu, gizani.”

“Na miaka yote hii umenyamaza?”

“Uliniagiza mafuta, bwana wangu. Mtumwa wa pete hajibu asichoulizwa.”

Hudhaifa akazizima taa kwa pumzi yake, na Sultani akaja kusaidia, pumzi moja taa kumi na mbili. Kisha Hudhaifa akalala mchangani usiku wa kwanza, na wa pili, asione kitu. Usiku wa tatu akasikia pumzi nzito, na mchanga ukichimbwa, naye akatamani mwanga kidogo tu auone uso ule, akajizuia, akauma kilemba chake. Alfajiri mkono wa baridi, umejaa mchanga, ukashika wake.

“Kila mwaka niliiona nyumba yetu,” akasema Mwanakheri. “Sikuweza kuifikia.”

Wakaoana upya gizani, wageni wakila kwenye sahani za wenzao, na Sultani akakataza taa ufuoni na mayai ya kasa mezani, ingawa aliyapenda mno. Mafuta yaliyobaki yakauzwa, yakawatajirisha. Lakini kila msimu Mwanakheri husimama majini hadi magotini akiangalia mbali, na Hudhaifa hushika upindo wa kanga yake. Hapo ndipo hekaya inapotua mzigo wake: umpendaye, muulize kwanza apitie wapi, ndipo umwandalie njia.