Mlango wa Gari la Sultani Mundhiri

Hapo zamani, siku zile magari yalipokuwa machache kuliko masultani, palikuwa na Sultani aitwaye Mundhiri, mwenye gari moja, nalo lilikuwa gari pekee katika nchi yake yote. Gari lilikuwa moja, na maduka ya rangi ya gari yalikuwa matatu, maana wafanyabiashara ndivyo walivyo.

Gari hilo liliteremshwa melini likiwa jekundu kama komamanga lililopasuliwa. Sultani akalipenda mno, akaamuru likae katikati ya ua, juani, kila apitaye alione na kushangaa. Yeye mwenyewe alilipanda kila siku, na kwa kuwa alilipanda kila siku hakulitazama tena. Ila kila Ijumaa alimwuliza Waziri wake, "Gari langu lina hali gani?" Naye Waziri hujibu, "Maulana, ni kama limeshuka melini leo." Na baraza zima huitikia, "Naam, kama leo!" Basi jua nalo likaendelea na kazi yake bila kumwuliza mtu, hata gari likawa na rangi ya ufizi wa mtoto mchanga. Mji mzima ulijua, lakini nani amwambie?

Ikawa siku moja dereva wa Sultani, aitwaye Vuai, alipokuwa akimkwepa mbuzi pale langoni, akaukwaruza mlango wa kushoto kwenye nguzo. Sultani akaghadhibika, akamtia gerezani, akasema, "Hatatoka mpaka mkwaruzo ule utoweke, nisiuone hata nikiutafuta!"

Vuai alikuwa na dada, Mize, na mume wa Mize alikuwa Machano, mtu asiye na mbele wala nyuma, ambaye mali yake yote ilikuwa ulimi wake. Mize akalia siku kutwa. Machano alimpenda shemeji yake, na machozi ya mkewe hakuyaweza kabisa. Basi akajifunga shuka yake safi, akaenda barazani, akasema, "Maulana, nipe ruhusa nilitengeneze gari lako papa hapa uani, nawe umwachie Vuai."

Sultani akamtazama, akasema, "Ruhusa unayo. Utanunua rangi, nayo iwe ile ile ya gari langu, isizidi wala isipungue. Duka utalichagua mwenyewe. Lakini gari langu halitatoka nje ya lango, maana sitaki litembezwe sokoni na jeraha lake. Wala kopo la rangi isiyo yake halitaingia ndani ya lango, maana sitaki majaribio nyumbani kwangu. Ukikosea, utamfuata shemeji yako huko aliko."

Waziri akacheka ndani ya ndevu zake. Gari liko ndani, rangi iko nje, vitakutana wapi?

"Nimesikia, Maulana," akasema Machano, "nami nitafuata neno kwa neno."

Akaazima bisibisi, akazifungua bawaba, akautoa mlango uliokwaruzwa, akajitwika kichwani. Alipofika langoni mlinzi akamzuia. "We Machano! Gari la Sultani halitoki!"

"Kumbe hili ni gari?" akasema Machano, akautua mlango chini. "Basi panda, bwana, nikupeleke kwenu ukale chakula cha mchana."

Mlinzi akautazama mlango, akamtazama Machano, akafungua lango.

Basi Machano akafika duka la kwanza, mdomoni mwa soko. Mwenye duka, hata hajainuka kitini, akasema, "Rangi ya gari la Sultani? Umefika! Wale wengine wanauza maji." Akafungua kopo, akatia doa mlangoni. Humo dukani mlikuwa na giza, na doa likaonekana si baya. Machano akautoa mlango nje, na doa likamkodolea macho. "Mbona haifanani?" akauliza. Mwenye duka akajibu kutoka kitini mwake, "Jua la leo linadanganya."

Duka la pili, karibu na msikiti, likatoa doa la pili, na mwenyewe akasema, "Ikikauka itafanana." Ikakauka, isifanane.

Duka la tatu lilikuwa njia ya bandarini, mwenyewe mwanamke mmoja mkali aitwaye Bi Tatu. Huyo alilibeba kopo lake mwenyewe mpaka nje, akatia doa, akakunja uso, akasema, "Baba, hii siyo. Sikuuzii, usije kesho ukanitia midomoni mwa watu."

Machano akaketi kando ya njia, mlango magotini, na madoa yake matatu kama kanga. Hofu ikamshika sasa. Akilini alimwona Mize akimngoja kizingitini, alimwona Vuai gerezani, akajiona na yeye mwenyewe ubavuni mwake. Akayatazama tena yale madoa. Doa la kwanza lilikuwa sawa na la pili, na la pili sawa na la tatu. Akaugeuza mlango, akatazama ukingoni kwenye bawaba, mahali ambapo jua halijapata kufika. Pakawa pekundu, pekundu kama komamanga, sawasawa na madoa.

Akalielewa jambo lenyewe, na kulisema barazani kulikuwa ni kumwita Waziri mwongo na Sultani kipofu. Akafikiri sana, kisha akatabasamu, akajitwika mlango, akarudi.

Alipoingia barazani Sultani akamwuliza, "Rangi iko wapi?"

"Maulana, uliamuru kopo lisilo lake lisiingie, nami sikuingiza hata moja. Nimeleta mhalifu." Akausimamisha mlango mbele ya kiti cha enzi. "Nimezunguka maduka yote matatu. Wenye maduka wale hawapatani hata juu ya salamu, lakini juu ya rangi ya gari lako wamesema neno moja. Na hapa barazani mabwana hawa wote wameshuhudia kila Ijumaa kwamba gari ni kama limeshuka leo. Mashahidi wote wamekubaliana, Maulana. Ni mlango huu peke yake unaokataa. Naomba umtoe Vuai, umfunge mlango."

Sultani akainama, akatazama madoa, akatazama mlango, kisha akamgeukia Waziri. "Rangi ya gari langu ni ipi? Ya madoa, au ya mlango?"

Waziri akazishika ndevu zake. Akasema, "Zote mbili, Maulana."

Basi Sultani akasimama, akashuka ngazi, akatoka uani kwenye jua kali, akalizunguka gari lake taratibu kama mtu anayenunua ng'ombe. Wote wakamfuata. Sultani akasema, "Tangu lini?"

"Sijui, Maulana," akasema Machano. "Jua halikupitia barazani kuomba ruhusa."

Hapo Sultani akacheka. Akacheka hata akalishika gari asianguke, na machozi yakamtiririka. Alipopata pumzi akasema, "Mtoeni Vuai sasa hivi! Nawe Machano, nilikwambia uchague duka. Tununue wapi?"

"Rangi ni ile ile kote, Maulana. Lakini mimi ningenunua kwa Bi Tatu, maana ndiye aliyetoka nami juani, akakataa kuniuzia. Na ununue ya gari zima, maana ukipaka mkwaruzo peke yake utauona hata usipoutafuta."

Basi Machano akapewa joho na mfuko wa fedha, akarudishwa kwa Mize ndani ya gari lisilo na mlango, Vuai akiliendesha na kupiga honi njia nzima, hata Mize akatoka mbio akilia na kucheka kwa pamoja.

Na wale mabwana wa barazani, Sultani aliwagawia msasa, walisugue gari kwa mikono yao kabla halijapakwa. Wakavua majoho, wakasugua mpaka wakawa wekundu wao. Rangi ilipokwisha kupakwa na kukauka, Sultani aliuliza kutoka ndani ya nyumba, "Waziri, gari langu lina hali gani?"

Waziri alikuwa ameketi kivulini, hoi, akikanda kiuno chake. Aliinuka, akatoka juani, akaenda kutazama.